Safari ya Aarhus Siku ya Lango

Ribe, 6 Mei

Dada mpendwa Thyra,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba upepo wa Bornholm umepunguza makali. Sisi ni wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana nimekasirika tangu Jumapili na hasira haijashuka.

Asger amepanga safari. Mume wangu huyu, ambaye nikimwomba twende hata Odense huniuliza nani atamwagilia nyanya, ameamua twende kutembea Aarhus siku tatu. Ratiba ameichora kwa rula: Ijumaa treni ya saa mbili na dakika kumi na saba, mchana kanisa kuu, Jumamosi zile nyumba za kale za mbao, halafu tupande juu ya paa la makumbusho ya sanaa, tulitazame jiji kupitia vioo vya rangi, Jumapili ufukweni. Hata mikate ya njiani ameipangia, mitatu yangu, minne yake.

Na Jumamosi hiyo ni tarehe ishirini na tatu, dada, siku tunayotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa!

Mtaa wetu unaujua. Nimesaidia kusimamisha lango la matawi ya misonobari kwenye milango ya watu kumi na mmoja waliotimiza miaka hiyo, kama ilivyo desturi yetu. Nimeamka alfajiri, baridi inaniuma, nikaimba chini ya madirisha yao mpaka mume na mke watoke pamoja, wamevaa nguo zao za kulalia, watukaribishe kahawa na mikate ya moto. Kwa jirani yetu Vagn niliimba nikiwa na homa. Leo zamu yangu imefika, bwana ananiambia tukapande paa.

Nilimtolea uvivu. Nilimwita mwoga, nikamwambia anaona haya kuonekana na mkewe. Akaenda kupalilia vitunguu. Jumatatu Vagn akaja uani, uso umejaa tabasamu, akaniuliza tunapenda wimbo gani.

"Matawi nishayakata, Solvej," akasema. "Wewe kazi yako kahawa tu."

Nilimfuata Asger bustanini nikamtaka aende mwenyewe akamwambie Vagn kuwa tunakimbia. Akaweka jembe chini.

"Wakija watatukuta wapi? Mimi nashuka kutoka darini, wewe unatoka chumbani, mtaa mzima unatutazama?"

Thyra, hili nilikuficha. Asger analala darini tangu Novemba, na siye aliyetaka. Mimi ndiye niliyemwambia nimechoka, tuachane. Aliniomba tungoje kiangazi kipite, na tangu hapo hajamwambia mtu yeyote, hata mama yake. Safari hii ameipanga ili mimi nisiaibike. Basi ndiyo kwanza nikazidi kukasirika, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuachana na mtu mbaya, na yeye ananinyima hata hilo.

Vagn nimemwambia mwenyewe kwamba hatutakuwepo. Amenuna, mkewe pia. Nawe usihangaike kuja siku hiyo, utakuta mlango umefungwa.

Jana Asger alipokuwa kazini niliichukua ile ratiba niisome mstari kwa mstari, nikitafuta kosa la kumgombeza jioni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ameandika jina la hoteli na mbele yake: vyumba viwili. Viwili, dada! Nilisimama pale jikoni nikalia kwa hasira, kisha nikapiga simu hotelini nikafuta kimoja.

Yeye bado hajui. Atajua Ijumaa tukifika mapokezi, na kama atageuka arudi stesheni sitakuwa na haki ya kumlaumu. Niombee, ingawa najua wewe si mtu wa kusali.

Wasalimie wote hapo kwako, na goti usilichoshe sana.

Ni mimi mdogo wako,
Solvej