Eda ya Bibi Nyuma ya Hoteli Manzil

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Nimerudi kwa Bibi baada ya wiki nzima kwa Mama kule Kibokoni. Mwanamke aliye edani hafai kulala peke yake, Mama asema, na mimi ndiye mjukuu mkubwa. Begi, sare, mto wangu. Maxwell, mlinzi wa mlango wa nyuma wa chuo, haniulizi kitambulisho tena. Ananiita "mwanafunzi wa digrii".

Wanachuo wengi hawajui kwamba jumba hili lilikuwa hoteli. Wao huliita stoo. Mbele bado lina nguzo zake, na juu ya mlango jina MANZIL, ila herufi ya Z imeanguka. Nyuma, ng'ambo ya ua, ni vyumba vya watumishi. Viwili tu vina watu, navyo ni vya Bibi na Babu Taha. Sasa ni vya Bibi peke yake.

Babu alikuwa dobi wa hoteli. Hoteli ilipogeuzwa chuo, akawa mtunza jengo. Alifariki mwezi wa Julai, juu ya kitanda hiki ninachoandikia. Bibi atakaa humu humu mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Bila wanja, bila udi, bila kutoka.

Habari njema moja – Mwalimu Jacinta amenichagua mimi, katika klabu yote ya historia, niandike historia ya Manzil. Chuo kitaitundika humu Manzil, ukumbi wa mbele!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemuuliza Bibi jioni yote. Ana wakati, maskini, na kusimulia si kutoka.

Jumba alilijenga tajiri mmoja wa Hadhramaut ili mahujaji wapate pa kulala wakingojea meli. Ndiyo maana ya jina: mahali pa kutua. Vita vilipokuja, maofisa wa Kiingereza wakalichukua, mahujaji wakalala uani juu ya majamvi. Baadaye watalii. Baadaye watalii wakahamia hoteli za ufuoni, vyumba vikabaki vitupu, likawa chuo. Mashuka ya hao wote, tangu watalii wa kwanza, aliyafua Babu.

Bibi aliletwa hapa bi harusi, kwa mlango wa nyuma. Hajapata kuingia ule wa mbele hata mara moja. Zamani walikatazwa. Chuo kilipokuja hakuna aliyewakataza, lakini Babu alikuwa akisema mlango ule si wao, na akisema hivyo anacheka. Bibi hakucheka aliponieleza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bwana Kyalo wa ofisi ya majengo ya chuo amekuja. Alisimama uani, Bibi akawa nyuma ya pazia, mimi katikati nikipeleka maneno.

Mbele patatengenezwa, pawe ukumbi wa kumbukumbu. Nyuma patabomolewa mwisho wa mwezi. Bibi atapewa chumba mtaa wa Buxton.

Bibi akasema nimwambie yuko edani. Bwana Kyalo akasema pole sana, na hospitali ni ipi? Nikamweleza. Alivua kofia yake, akaona haya kweli. Kisha akauliza, kwa upole, kama eda haiwezi kumaliziwa Buxton, mbona ni karibu.

Bibi hakungoja nimpelekee swali. "Mwambie mume wangu hakufia Buxton."

Akaondoka akisema ataongea na wakubwa. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi angekuwa mbaya.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Chokaa imeanguka kitandani – vipande, kisha unga. Nilipanda juu ya kiti. Boriti iliyo juu ya kitanda imepasuka kwa urefu. Kidole changu kinaingia mpaka pingili ya kwanza.

Tumekisogeza kitanda mpaka ukutani. Bibi akatundika kanga chini ya dari ili unga usionekane. Akaniambia Mama asijue.

Shuleni: Mwalimu Jacinta amenirudishia historia yangu. Chuo kinataka tajiri na maofisa. Madobi watolewe, nafasi ni ndogo. Alinieleza huku akiangalia dirishani. Nimebakisha sentensi moja ya Babu. Tuone.

Jumatano, 15 Oktoba

Mafundi wameziba njia ya nyuma kwa mabati. Maxwell amenipitisha ukumbini.

Mimi, kwa mlango wa mbele! Vioo virefu, vyote vina madoa. Ngazi pana. Nilitembea polepole kama nimekuja msikitini.

Nilimweleza Bibi yote. Aliuliza jambo moja tu: sakafu yake ni ya nini? Marumaru, nikamwambia, nyeusi na nyeupe.

Boriti: kidole kinaingia mpaka pingili ya pili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika haraka.

Baada ya sala ya Ijumaa Mama amekuja na Maalim Abdulbasit. Bwana Kyalo amempigia simu Mama: wakubwa hawasikii, matingatinga hayangoji tena mwisho wa mwezi, yaja Jumatatu. Mama alikuwa amelia njiani, niliona.

Maalim aliketi uani kwenye kiti cha Babu, Bibi nyuma ya pazia. Akaeleza taratibu. Mwenye eda hatoki kwa sababu watu wataka jengo lao. Hao watangojea, na yeye yuko tayari kwenda kukaa mlangoni mwao mpaka wangoje. Lakini nyumba ikiwa ya kuanguka, aruhusiwa kuhama, akamalizie eda anakokwenda, wala hana dhambi. Basi swali ni moja tu. Nyumba ni nzima?

Bibi akasema ni nzima.

Mama akasema dari hili limemwaga chokaa tangu yeye mtoto, hawezi kujua. Maalim akasema Bwana Kyalo ana haja yake, ushahidi wake hautoshi. Kuingia chumbani kwa mwenye eda hawezi. Kisha akaniita mimi.

"Areej, wewe walala humu. Nami najua kila mtu akuambia la kusema. Naswali alasiri hapa uani, nikimaliza unijibu."

Bibi amenishika mkono. Kiganja chake baridi. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia.

"Nikitoka, hakuna tena mtu wa Manzil," akasema. "Tangu huyo tajiri, palikuwa na mtu wetu nyuma hapa. Wataandika maofisa."

Nikasema Bibi, nimemwandika Babu. Sentensi moja. Akauliza kama wameibakisha. Nikasema sijui.

Nikitaja boriti, Jumatatu wanabomoa, na Maalim hana la kuwazuilia. Nisipoitaja, atawazuia, na Bibi atalala chini ya dari hilo mpaka mvua nyingine.

Mama ameketi mlangoni. Ananitazama nikiandika, haulizi ninaandika nini.

Nimeinama kuvuta viatu vya Bibi. Havijavaliwa tangu Babu azikwe. Tulipokisogeza kitanda, vilibaki pale pale, chini ya ule ufa. Vimejaa chokaa iliyopenya kando ya kanga, mpaka juu, kama vibaba vya unga. Nimevikung'uta sakafuni mbele yake, kimoja, halafu kingine. Chokaa imekuwa rundo. Mama ameinuka kwa taratibu, akaitazama ile kanga ya darini.

Bibi hakunitazama. Ameuliza, kwa sauti ndogo, kama marumaru yale ya mlango wa mbele huteleza.

Nimemwambia nitamshika.

Maalim ametoa salamu. Nasikia anakunja msala wake.