Boksi la Sebuleni Kwangu

Mwanangu Owor,

Pokea salamu za sisi wa hapa Kirewa tuliobaki. Hali yako sikuulizi, maana najua nilikokuacha, udongo nilimwaga kwa mkono wangu. Nakupa tu habari za hapa.

Baba yako anakusalimu. Sikio la kushoto limekufa kabisa, sasa ukimwita inabidi uzunguke upande wa kulia. Anakaa kwenye kile kiti chako cha mlangoni, na pikipiki ikipita ananyanyua kichwa, halafu anakishusha. Athieno mke wako anakusalimu. Bado yuko hapa, hajarudi kwao, na wale wanaosema ataondoka wanalisema hilo wakiwa wameshiba chakula alichopika yeye. Binti yako Nyaketcho anakusalimu. Meno ya mbele yameng'oka, akisema sukari inatoka kama filimbi. Dada yako Apio anakusalimu kutoka Malaba, bado anauza mitumba palepale. Ng'ombe wako mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Baba yako mkubwa Ochwo hakunituma salamu, lakini namtaja kwa sababu barua hii inamhusu. Na Wafula, fundi mwenzako, naye anakusalimu. Alisema hivyo kwa mdomo wake. Mimi naziandika tu, sizibebi.

Athieno alitaka nimtajie maneno ayaandike yeye, nikakataa. Unajua shule yangu iliishia darasa la nne kule kwetu upande wa Kenya, kwa hiyo ukiona maneno yamepandana, soma polepole. Kuna mengine humu si ya kusemea mbele ya mkeo.

Owor, nimekukasirikia. Watu wanadhani nalia tu. Mimi nalia na nimekasirika.

Ulinijengea ule ukuta wa kugawa nyumba, sebule huku, kitanda changu kule. Ulisimamisha mbao, ukaniambia hii ndiyo mifupa, plaiwudi ni ngozi tu. Mimi ndiye niliyekushikia mbao ukipiga misumari, Athieno akishika tochi. Ukatoboa tundu la swichi karibu na mlango, ukaweka boksi, ukalibana kwenye plaiwudi kwa skrubu mbili ndogo. Nikalivuta kwa kidole, likacheza. Nikakuuliza, wewe, hili si linacheza? Ukacheka. Ukasema, "Mama, hilo ni la kushikilia tundu tu. Boksi halishikwi na ngozi, linashikwa na mfupa. Nitakuwekea mbao ya kulala katikati ya mifupa miwili, nilifunge hapo, halafu uje ulivute kama unang'oa muhogo. Likitoka, niite jina lolote unalotaka."

Nikangoja. Umeme wenyewe haukuwa umefika, nikasema hakuna haraka. Asubuhi ile ukapakia vifaa kwenye pikipiki, ati kuna duka la dawa Busia, upande wa Kenya, wanakungoja uwafungie swichi. Nikasema, na langu je? Ukasema, "Nikirudi, la kwanza ni lako." Ukaenda kufunga maboksi ya watu. Ukayafunga, ukamaliza. Lori lililokugonga wakati unarudi lilikuwa na haraka yake, na mpaka leo hakuna aliyekuja hapa kuniambia lilikuwa linawahi nini.

Hayo ulikuwepo. Sasa nikwambie ya baadaye, ambayo hukuyaona ingawa ulikuwa umelala palepale sebuleni.

Vijana walikodi jenereta na spika kubwa kwa ajili ya matanga. Mimi sikutaka spika, baba yako hakusikia hata alichoulizwa, Ochwo akasema kijana kama huyu hawezi kuzikwa kimya. Wakapitisha waya sebuleni, na ili watu wasiukanyage wakaufunga kwenye lile boksi. Wafula alikuwa amesimama pale mlangoni. Mtu mmoja akajikwaa, waya ukavutika, boksi likang'oka na kipande cha plaiwudi, likaanguka chini karibu na jeneza lako.

Wafula akaliokota, akaligeuza geuza, akasema, "Ndiyo huyu fundi wenu? Boksi la mama yake limeshikwa na mate."

Wakacheka, Owor. Si wote. Lakini walicheka watu waliokuwa wanakula chakula chetu, na wewe umelala hapo umefunikwa. Athieno alitoka nje. Mimi sikutoka. Nilitazama lile tundu kwenye ukuta, nikatafuta kwa macho mbao ya kulala katikati ya mifupa miwili. Haikuwepo. Kwa hiyo Wafula alisema kweli, na hapo ndipo hasira yangu kwako ilipoanza.

Tangu siku hiyo ni boksi la mate kila mahali. Hapa Kirewa mtoto akifunga mbuzi vibaya wanamwambia amefunga kwa mate. Wafula akapita kwa watu uliowafanyia kazi Busia, akawaambia kaeni macho na ukuta wenu, mimi niliona kwake. Wawili walimwita akapekue kazi yako. Unamjua Wafula, mlianza naye kazi pamoja, na ni wewe uliyekuwa ukimwambia mbele za watu kwamba maboksi yake yamelegea, yanapunga mkono. Alikuwa ameyaweka moyoni. Alingoja mpaka usiweze kumjibu.

Mimi nikavuka mpaka. Nilibeba mihogo yangu nikiwa kama naenda sokoni, nikaingia kwenye lile duka la dawa. Msichana akaniuliza, "Mama, unataka dawa gani?" Nikamwambia sitaki dawa, nataka kuvuta swichi yenu. Akanitazama kama mgonjwa wa kichwa. Nikaweka kikapu chini, nikaishika ile swichi ya ukuta wa mbao, nikavuta kama nang'oa muhogo. Ukuta mzima ungenifuata kabla ya lile boksi kutoka. Nikavuta na ya pili. Msichana akamwita mwenye duka, akaja mbio, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, asanteni, nikabeba mihogo yangu.

Nilivyotoka hapo nilikuwa na hasira zaidi ya nilivyoingia. Kumbe ulijua. Kumbe mkono wako ulikuwa unaweza kabisa. Wageni umewafungia kwenye mfupa, mama yako umemfungia kwenye ngozi. Nilitembea mpaka kwenye gari la kurudi nikikusema kwa sauti, na watu wakinipisha njia.

Basi umeme ukafika. Nguzo zimepita mpaka kanisani. Kwa jirani kunawaka, kwa Ochwo kunawaka, hata kwenye banda lake la kuku kunawaka. Kwetu hapana. Wale wanaounganisha walikuja, wakaangalia lile tundu na nyaya zinaning'inia kama matumbo, wakasema hapa hatuwashi mpaka fundi afunge boksi vizuri. Na Wafula hakuchelewa. Alikuja na shati safi, akasema atanifungia bure kwa heshima ya marehemu. Nikamwambia heshima yako niliiona siku ya matanga, endelea nayo. Athieno akanibana mkono. Baba yako hakusikia, akamkaribisha chai, Wafula akainywa yote.

Wote hapa wananiambia mimi ni mkaidi. Ochwo anasema nimeamua kukaa gizani na mtu aliyekufa. Labda. Lakini nilijua siku Wafula akifunga lile boksi, kila atakayewasha taa nyumbani kwangu atasema Wafula alisahihisha kazi ya Owor.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapokuandikia.

Juzi mvua zilipotulia nilikwenda kukupalilia. Nyasi zimekua, Athieno alikuwa na homa, nikaenda peke yangu na jembe. Mvua ilikuwa imeosha chokaa yote upande wa nyuma wa msalaba. Mbele jina lako bado lipo, ile rangi nyeusi ya kanisa. Nyuma mbao imebaki tupu. Nikaona penseli.

Nikapiga magoti. Ile mbao ya msalaba iliyolala ina alama yako ya penseli, ule mshale wako wa kuonyesha juu ni wapi, na neno moja, MAMA. Karibu na katikati kuna matundu mawili ya skrubu za boksi, na kwenye kila ncha tundu lililotobolewa limelala upande, vile ulivyokuwa unatoboa kwanza ili mbao isipasuke. Na ncha zake zimekatwa safi kwa msumeno wako. Seremala wa matanga hakati hivyo.

Nilivua mkanda wangu wa kiunoni, nikapima kutoka ncha mpaka ncha, nikafunga fundo. Nikarudi nyumbani na jembe limebaki kule. Nikaingiza mkono kwenye lile tundu, nikauweka ule mkanda kati ya mfupa na mfupa. Fundo likakaa pale pale, mwanangu. Hapakubaki hata nafasi ya ukucha.

Ulikuwa umeikata. Ulikuwa umeipima, umeitoboa, umeiandika jina langu, ilikuwa inangoja urudi tu.

Nilikaa chini pale sebuleni. Athieno alitoka kitandani na homa yake, nikamwonyesha. Aliingia chumbani akatoa lile boksi, kumbe alikuwa amelificha kwenye nguo zako.

Nikamfuata Ochwo nikamuuliza, mbao ya msalaba mliitoa wapi? Akasema, "Si tuliokota hapo nyuma ya nyumba. Ilikuwa imelala bure, na ilikuwa na kipimo kizuri." Imelala bure. Siku hiyo walichinja ng'ombe, walikodi spika, na mbao ya msalaba wakaenda kuokota. Nikamwambia nataka niitoe, niweke nyingine nzuri mahali pake, hii irudi kwenye ukuta. Akanyanyuka. Akasema kitu kilichokwisha kukaa kaburini hakirudi ndani ya nyumba, nitaleta kifo ndani. Nikamwambia shemeji, kifo kilishaingia, kilikaa sebuleni kwangu na spika, na wewe ulikipigia makofi. Hiyo mbao si ya kaburi. Ni ya nyumba yangu, nyinyi ndio mliitoa nje.

Tangu hapo hatusemezani. Amewaambia watu kwamba nataka kuvunja msalaba wa mwanangu. Katekista naye alipita, mpole tu, akasema mama, hakuna kifungu kinachokataza, lakini na watu nao uwafikirie. Baba yako, nilimwelezea kwenye sikio la kulia mpaka nikachoka. Halafu akasema, "Si ni mbao yako? Imeandikwa." Akarudi kutazama barabara.

Athieno anasema atafunga yeye. Bisibisi zako zote anazijua. Anasema kwanza kipande cha plaiwudi kishikizwe kwa muda mbele ya boksi ili mdomo wake ulingane na ukuta, usizame wala usitokeze, halafu ndiyo mbao ibanwe. Alikuwa akikuangalia wakati wote ule tuliodhani anashika tochi tu. Wale wa umeme wamekubali kuja kukagua Jumamosi, na wamesema hawaulizi ni mkono wa nani uliofunga, wanauliza kama linashika. Mbao nyingine ya msalaba ninayo tayari, ya mvule, Apio ameileta kutoka Malaba, na jina lako limechomwa kwa chuma ili mvua isilione.

Kwa hiyo yote yapo, isipokuwa neno lako. Ochwo naweza kumpita. Lakini kama kweli wewe mwenyewe hutaki niguse hapo ulipolala, sitagusa, nitabaki na koroboi yangu.

Unakumbuka ulivyokuwa mdogo, ukitaka sukari. Ulikuwa unasimama mlangoni unauliza, mama nichukue? Mimi mikono iko kwenye unga, nanyamaza. Basi unachukua. Nikikupiga unasema, "Ulinyamaza mama, na ukinyamaza ni ndiyo." Nilikupiga sana kwa neno hilo na hukuliacha mpaka umekuwa na mke.

Sasa mimi ndiye nimesimama mlangoni.

Nakuaga, Owor. Ile hasira ya boksi nimeiweka chini. Ya lori bado ninayo, na ya wale waliocheka bado ninayo, sikudanganyi. Nakuahidi hivi. Taa ikiwa tayari, kidole cha kwanza kwenye ile swichi kitakuwa cha Nyaketcho. Na wa kwanza kulivuta lile boksi atakuwa Wafula. Nitamwita mwenyewe, nimpe chai, nimwambie vuta. Jina lako litakuwa ndani ya ukuta, upande wa pili wa ile mbao, na yeye hatajua anavutana na nani.

Jibu upesi, mwanangu. Njoo kwenye ndoto, au fanya lolote mnalofanya huko, ila iwe kabla ya Ijumaa jioni, maana Ijumaa nakwenda kuchukua jembe langu kule, na nitabeba nyundo.

Usiponijibu, nachukua.

Ni mimi mama yako.