Kuku wa Shangazi na Vidonge vya Rangi Mbili

Shikamoo mama,

Mvua ya Mpanda haina adabu, lakini kilichonilaza wiki hii ni kuku wa wifi yako. Mmoja akipata mafua, shangazi anapasua vidonge vya rangi mbili, vilevile tunavyomeza sisi, anavikoroga kwenye maji ya kundi zima. Mimi ndiye ninayefagia banda.

Mwanzoni mwa wiki tumbo likanikamata. Nikameza rangi mbili, wapi! Nikaenda zahanati, nikamsimulia nesi habari za kuku, akacheka: "Wadudu wa banda lenu wameshaizoea hiyo dawa, sasa wamehamia kwako." Akanipa vidonge vingine, tumbo likatulia.

Shangazi alivyofurahi! "Hivi ndivyo kiboko! Nibakizie viwili, jogoo kaanza mafua."

Nimevimeza mbele yake, asubuhi na jioni, mpaka cha mwisho.

Nawakumbuka sana nyie wote. Mwambie baba mwanaye kapona, dada yake kanuna.