Mama Mkwe, Pazia na Mieleka ya Wajapani

Bi Nusaiba, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mie nikiisimulia hii ishu kwa sauti naiona kama kichekesho, lakini moyoni inanichoma. Naitwa Nikodemu, nafundisha Kiingereza sekondari, naishi Chamazi, na nina binti mmoja, Yuliana, yuko darasa la nne. Mke wangu Marietha alifariki mwaka juzi. Mama yake mzazi alikuja kutoka Newala kwa ajili ya msiba, na baada ya arobaini ndugu wengine walipoondoka yeye alibaki, hakuna aliyemwomba wala aliyemzuia, aliingia tu jikoni asubuhi akamkorogea mjukuu wake uji, na mpaka leo Yuliana hajaenda shule na njaa, wala mie sijatoka na shati lisilopigwa pasi, na niseme mapema kwamba kama kuna mtu ninayemshukuru hapa duniani baada ya Mungu ni yule mama.

Sasa wewe ni mtu mzima, mambo ya ukwe unayajua. Kwetu Wamakonde, kwa jinsi nilivyolelewa mie, mwanamume hakai sebuleni akatazamana na mama mkwe wake, hali naye chakula, hapigi naye stori. Nikiingia yeye anatoka, akipita mie naangalia chini. Kwa hiyo mwaka mzima nyumba yetu ilikuwa na watu wazima wawili wenye msiba mmoja na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake pole. Mama alikuwa anakonda, sahani yake inarudi jikoni nusu, na mie hata kumwambia "mama, kula" nilikuwa siwezi.

Mieleka ilikuja kwa bahati tu. Jumamosi moja nilikuwa natafuta kwenye simu ile ya Wamarekani tuliyokuwa tunaiangaliaga vibandani ujanani, nikaangukia ya Wajapani, ina mtangazaji wa Kiingereza, nikaiunganisha kwenye TV. Mwanzoni sikuelewa kitu, maana hawana yale majigambo marefu ya kwenye kipaza sauti, wanapigana vifua mpaka vinaiva, mtu akitupwa nje ya ulingo refa anahesabu taratibu mpaka ishirini, na mashabiki wanakaa kimya kama kanisani halafu ghafla wote wanapiga makofi. Bahati yangu nilianza wakati wa mashindano yao ya kiangazi, ambayo kila mmoja anakutana na wenzake wa kundi lake na kukusanya pointi, yaani ligi kabisa, hata mgeni hapotei, unafuata msimamo kama unavyofuata wa Simba na Yanga. Na kwa kuwa jioni yao ni mchana wetu, mapambano yanaanza sie ndio tumemaliza kula.

Siku hiyo nikasikia sauti kutoka kwenye korido, nyuma ya pazia: "Yuliana, muulize baba yako, yule mzee mbona hainuki?"

Nikajibu bila kugeuka: "Yuliana, mwambie bibi, mtangazaji anasema goti lake liliumia juzi."

"Basi mwambie baba yako, angebaki nyumbani akapaka mafuta."

Ndivyo tulivyoanza. Mama akatandika mkeka wake koridoni, pazia akaliachia upenyo kidogo, mie kwenye kiti nimempa mgongo, natafsiri Kiingereza cha mtangazaji, na ujumbe wote unapitia kwa mtoto. Wale wanaume akawapa majina yake. Kuna kijana anayeingia na joho jeupe anamwita Bwana Harusi, kuna mnene anamwita Gunia la Korosho, na yule mzee wa goti anamwita Dismas, jina la kaka yake ambaye naye alikuwa hakubali kushindwa. Siku ambazo utangazaji ni wa Kijapani kitupu mie nilikuwa sina faida, mama ndiye aliyenifundisha kuangalia, "mwambie baba yako aache kusikiliza, aangalie miguu," na kweli, Bi Nusaiba, ukiangalia miguu unajua nani amechoka.

Ikafika mahali Yuliana anakwenda mazoezi ya kwaya na sie bado tunamtuma. Hayupo ndani, lakini "Yuliana, mwambie bibi" na "Yuliana, mwambie baba yako" zinaendelea. Jumamosi moja Dismas amepigwa mpaka huruma, anakandamizwa mabega chini, refa anakaribia kupiga sakafu mara ya tatu, ndiyo kushindwa, Dismas anajinasua, na mama akasema: "Yuliana, mwambie baba yako, mama yako naye tangu mdogo alikuwa hivyohivyo. Alikuwa hakubali kulazwa chini. Hata kwenye ugonjwa wake najua hakukubali." Nililia nikiwa nimempa mgongo, na nikamsikia naye analia. Kuanzia siku hiyo sahani yake ikawa inarudi jikoni tupu.

Sasa balaa. Mama akinogewa anapiga kelele, "Inuka! Inuka baba!", na mtaa una masikio. Habari zikamfikia shemeji yangu Ansbert, kaka wa marehemu, anaishi Mbweni. Akaja bila taarifa, akakuta TV imejaa wanaume wenye kaptula za kubana na mama yake anacheka nyuma ya pazia. "Mama, unaangalia wanaume uchi na mkweo? Mnataka tukaseme nini Newala?" Akawaita ndugu, wakakaa sebuleni kwangu, wakaamua shule zikifungwa mama akaishi Mbweni. Mwishoni akanigeukia: "Shemeji, una neno?" Mie nikaangalia chini, nikasema, "Mama ni wenu. Mlivyoamua ndivyo." Nilisema kwa heshima tu, mkwe atabishanaje na wenye mama yao? Mama mwenyewe alikuwa koridoni anasikia.

Tangu siku hiyo hakai tena kwenye mkeka. Nikiwasha TV anafunga mlango wa chumba. Khanga zake ameshazipanga kwenye begi, na bado kila asubuhi shati langu limepigwa pasi. Naomba uniambie, niache mieleka? Nikamwombe shemeji radhi, niape sitaiwasha tena? Au mama mwenyewe ameshachoka na Chamazi, na mie namng'ang'ania kwa ubinafsi wangu? Moyo wa mtu ni msitu, Bi Nusaiba, na huu hata kuukaribia sina ruhusa.

Nikodemu, Chamazi

BI NUSAIBA ANAJIBU

Marahaba, Nikodemu mwanangu, na pole sana ya Marietha. Sikukucheka. Nilicheka mara moja tu, kwenye Gunia la Korosho.

Kabla sijakujibu nilimwambia binti yangu Naima aniwashie hiyo mieleka, maana siwezi kuhukumu kesi nisiyoiona. Nilianza vibaya, nikarukia pambano la watu sita kwa mpigo, nikawa sijui nani mwenzake nani. Naima akanirudisha nyuma: "Mama, tafuta yenye utangazaji wa Kiingereza, shika shindano moja, halafu chagua mtu mmoja umpende. Hao wengine utawajua wakija kumpiga." Nikafuata, nikaelewa, na wali ukaungua. Wasomaji mtakaoniuliza pa kuanzia, ni hapo hapo, ila zimeni jiko kwanza. Kuhusu kaptula, ni fupi, sikatai, lakini mie nimelea watoto wa kiume watano na sikuona kipya.

Sasa nikugombeze. Unaniuliza habari za mieleka, kana kwamba mieleka ndiyo inayofunga begi. Kinachomwondoa mama yako pale ni kauli yako. Uliulizwa mbele ya watu kama una neno, nawe ukamkabidhi kama mtu anayerudisha kiti cha kuazima! Unaita heshima. Hebu kaa upande wa pili wa pazia, ukiwa mama wa miaka yake. Aliyekuunganisha na nyumba hii ni binti yako, na binti yuko kaburini. Kila asubuhi unapokoroga uji unajiuliza, hivi hawa bado wananihitaji au wananivumilia? Kisha siku moja unamsikia mwenye nyumba kwa masikio yako anasema, mchukueni. Wewe ungekaa tena kwenye mkeka? Hata mie ningefunga mlango.

Na yeye hawezi kukwambia "nataka kubaki". Adabu ileile iliyokufunga mdomo wewe imemfunga na yeye, tena yeye zaidi, maana yuko kwa mkwe. Kwetu Wazaramo nako mkwe ni mkwe, sikufundishi kuvunja mila zako. Lakini mwanangu, mila imewakataza kutazamana, haijakukataza kushukuru. Barua nzima umenimwagia mie shukrani za yule mama, mtu nisiyemjua hata kwa sura. Mwenyewe hajasikia hata moja. Heshima ya namna hiyo ina faida gani kwake?

Ansbert usimchukie. Amefiwa na dada, na anamwona mama yake anazeeka kwenye nyumba ya mtu mwingine. Ana haki ya kuogopa, ila hana haki ya kumpangia mama mtu mzima bila kumuuliza, na hilo katika kikao chenu chote hakuna aliyelikumbuka.

Utafanya hivi. Mbweni usiende mwenyewe, mtagombana. Yuliana naye muache apumzike, hili si la kumbebesha mtoto. Mtafute mshenga wako, yule aliyekwenda Newala kukuposea Marietha. Kama naye ametangulia mbele ya haki, tafuta mtu mzima wa rika lake anayejua kuongea. Aende Mbweni na mkewe, siku ambayo mama naye ameitwa huko. Mume akae na Ansbert na ndugu zake, aseme neno lako mama akisikia, kisha mke aingie ndani kwa mama, wawili peke yao, amuulize yeye anataka kuishi wapi. Wampelekee jozi ya khanga, na maneno yake uyasome kabla hujalipa, usije ukampelekea ya mipasho siku kama hiyo.

Akisema anataka Mbweni, usinung'unike. Utamsindikiza, utamfundisha Ansbert namna ya kuweka utangazaji wa Kiingereza, na Yuliana atakwenda kwa bibi yake kila likizo. Akisema Chamazi, basi mnunulie kiti, mtu wa umri ule hakai kwenye korido juu ya mkeka mchana kutwa. Pazia liache palepale, ndiyo adabu yenu na imewafaa. Sauti ya TV punguza, ya mama usiiguse. Mieleka usizime.

Kubwa ni maneno atakayoyabeba mshenga, kwa hiyo mkalishe umweleze vizuri. Safari ya kwanza ulimtuma kuomba binti, na walikupa. Safari hii asianze na ombi. Aanze kwa kusema asante kwa Marietha, kwamba walikulelea mke mwema. Aseme asante kwa uji wa mtoto na kwa kila shati. Aseme mkwe wao alikuwa anakufa kwa upweke na mama ndiye aliyemtoa. Akishayamaliza hayo yote, wote wakiwa wamesikia, ndipo apige goti na kusema: mkwe wenu amenituma tena, safari hii anaomba mama.