Jumamosi Niliyolisingizia Jua

Mama yangu, Mama Rukia wa Kabeza,

Ndugu zako wanasema baba alichelewa kuja kwako kwa sababu ya nguo za Idi. Mwaka mzima wanasema hivyo, nami nakaa kimya. Barua hii siifungi kwenye bahasha. Nataka wao pia waisome.

Utaikumbuka ile Jumamosi ya mwaka 1991. Tulikuwa watatu mbele ya ile redio ya kuitana ya ofisi ya jirani, tuliyoiita fonia, tukingoja zahanati ya kule Cyangugu, mbali kwa basi kutoka kwetu, itupe habari za bibi. Ilitoka sauti kama ya mafuta yanayochemka. Mwendesha redio alizungusha vifungo mpaka akachoka. Wewe ulishika kichwa. Vita vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia na kila kimya kilitutisha.

Nikakwambia si vita, ni dhoruba ya jua. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametueleza wiki ileile.

“Jua limewaka tangu asubuhi,” ulisema. “Lina dhoruba gani hilo?”

“Mwache profesa aseme,” baba akacheka.

Tuliporudi kwenye duka la baba la ushonaji nilichukua sumaku yake ya kuokotea pini. Nikawaambia dunia nzima ni sumaku kama hiyo, ila kubwa. Kuna miaka jua huchafuka, likarusha wingu la chembe zenye umeme, na baada ya siku moja, mbili au tatu wingu hilo linaigonga sumaku ya dunia na kuitikisa. Huko karibu na ncha za dunia mbingu hugeuka kijani na nyekundu. Nyaya ndefu za umeme hupata mkondo usio wao, miji ikakosa taa. Na ile tabaka ya juu angani inayorudisha mawimbi ya redio huvurugika, sauti ya mtu ikapotea njiani. Kisha hutulia yenyewe.

Nilisugua sindano ya cherehani kwenye sumaku, nikaitundika kwa uzi ndani ya glasi. “Dhoruba ikija, sindano hii hucheza,” nilisema. Mliinama wote wawili mkaiangalia.

“Imecheza! Baba Rukia, umeiona?”

“Nimeiona. Acha kuipumulia.”

Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba huku kwetu karibu na ikweta msogeo huo ni mdogo mno, jicho haliuoni. Sikuwaambia. Mlikuwa mnacheka. Jumatatu fonia ilirudi, bibi alikuwa mzima, na tangu siku hiyo glasi ikakaa dirishani. Redio ikikwaruza tu, baba aliangalia sindano kwanza.

Mwaka jana, Ramadhani, ulikuwa Cyangugu ukimuuguza bibi. Jumamosi moja ulituambia kwa fonia kifua kinakubana kidogo, tusikufikirie sana. Jumamosi iliyofuata hukusikika. Baba alirudi dukani, akakunja kanzu mbili, akazitia begini.

“Kesho asubuhi napanda basi,” alisema.

Mimi nilikuwa na mitihani ya lise, shule yetu ya sekondari, wiki iliyokuwa ikija. Barabarani kulikuwa na vizuizi, watu walishushwa kwenye mabasi na wengine hawakupanda tena. Niliogopa kubaki peke yangu. Niliogopa pia kwamba baba hatarudi. Sijui hofu ipi ilikuwa kubwa.

“Ni jua, baba. Kama mara ile.”

Akaniangalia. “Sindano inasemaje?”

Nilikwenda dirishani. Ilikuwa imetulia kabisa. Hata ingecheza isingekuwa na maana, na hilo nilikuwa nalijua.

“Imecheza,” nilisema.

Baba alizitoa kanzu begini, akazikunjua, akarudi kwenye cherehani. Alisema, “Basi tungoje Jumatatu.”

Jumatatu jioni ulifariki. Jumanne wakakuzika. Habari tuliletewa Jumatano na dereva wa basi, aliyesimama mlangoni bila kuingia. Betri ya redio ya zahanati ilikuwa imekufa, hakuna zaidi. Basi la Jumapili lilifika salama. Baba angekukuta ukiongea.

Sikulia. Niliandika mtihani wa fizikia Alhamisi na nikaupasi. Hata sasa nikijaribu kuhisi kitu nakuta mahali patupu, kama ninayesoma habari za familia nyingine. Nafagia, nafuturisha, nakwenda shule.

Arobaini yako, mama mdogo Saada alimwambia baba mbele ya watu, “Shemeji, zile nguo za Idi ziliuzika?” Watu walishusha macho. Baba alijibu taratibu, “Lilikuwa jua, Saada. Muulize mtoto, amesoma.” Wakaniangalia wote. Niliitikia kwa kichwa.

Tangu hapo anawaeleza hivyo hivyo, mmoja mmoja, kwa maneno yangu: wingu, chembe, tabaka ya juu. Wanamcheka akiondoka. Eti fundi cherehani anasingizia jua. Naye hana habari kwamba alidanganywa. Anadhani anasema kweli na watu tu hawakusoma.

Mama, sikuombi unisamehe, kwa sababu hukuachiwa nafasi ya kunikasirikia. Barua hii nimeiandika nakala mbili. Moja itakwenda kwa mama mdogo Saada. Nyingine nimeishika. Baba yuko chumba cha mbele, anapima kitambaa cha mtu na kuhesabu kwa sauti. Akimaliza kupima nitamwomba akae, nimsomee.

Pumzika, mama.

Mwanao wa pekee,
binti wa fundi