Muhuri wa Bucha

Baba Watoto,

Nimepita kubadili viatu tu. Kitindamimba ana homa, mpe dawa akishakula. ~~Nyama iko kwenye friji, ipashe.~~ Nyama nimempa paka.

Asubuhi, wewe ukikoroma, niliikimbiza kwa wakala wa watengenezaji ile kamera uliyoninunulia. Imegoma kupiga, na leo ni harusi ya mdogo wako. Fundi wao akatazama namba ya kamera, akasema imeingia kwa njia za panya, waranti yao haiihusu. Nikamwonyesha kadi ya waranti uliyonikabidhi kwa mbwembwe. Akaita wenzake waje wacheke: muhuri uliogongwa ni wa bucha ya rafiki yako. Ulisema umeinunua kwenye duka kubwa la mjini. Hata kudanganya hujui, bwana.

Nimeazima kamera ya mume wangu wa kwanza. Yake ina risiti. Nilipomsimulia hakucheka, alikuonea huruma, nikaona aibu kwa niaba yako.

Suruali yako nimeipiga pasi. Ukija harusini, kwenye picha ya ukoo simama pembeni kabisa, iwe rahisi kukukata.

~~Mkeo~~
Mama Watoto