Muda wa Pasi Kupata Moto

4 Machi

Mwanangu,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kola ya shati la mwalimu mkuu, kilichotokea leo asubuhi mezani pangu, chini ya pasi yangu mwenyewe. Marehemu alikuwa mweupe. Ameacha vifungo saba.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko kiwandani? Mimi mzima, isipokuwa macho. Daktari anasema ni presha ya macho. La kushoto limeshafunga duka. La kulia bado linauza kidogo kidogo, na hata hilo halifiki mwisho wa mwaka. Hapa nimelaza kadibodi ya kola juu ya karatasi ili mistari yangu isipande mlima.

Unakumbuka mama yako, pasi ikiwa inapata moto, alivyokuwa akipiga magoti kwenye mkeka kando ya meza na kuomba? Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu na kumwambia anisalimie huko. Sasa yeye hayupo, macho yanaondoka, na wateja wangu wa udobi wanafuata macho. Jumatatu sikunywa chai. Niliipunga pasi makaa yashike, nikaiweka, nikapiga magoti palepale pake. Maneno sikuwa nayo. Nikasema, Yesu, ni mimi, yule mume wake.

Fundi viatu wa mlango wa pili, asiyeamini kitu ila gundi, akachungulia. "Mzee, umedondosha sindano?"

Njoo nikuone uso kabla ya giza. Ndilo ninaloomba, sina jingine.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pole na macho, pole na msiba wa kola. Mimi sijambo. Dawa ya matone nimempa dereva, mfuate stendi.

Kuja, baba, hawanipi ruhusa. Hapana, nisikudanganye. Ruhusa ipo. Ila nikiuwaza mlango wa nyumbani naona mguu wa mama umetoka nje ya shuka, na hakuna mtu anayeufunika. Mimi na wanakwaya tulifunga siku saba kwa ajili yake. Ya nane tukamzika. Tangu hapo sijaomba hata mbele ya sahani. Kwa hiyo salamu za Bwana usinitumie, sina pa kuzipokelea.

Matone ni mawili, asubuhi na jioni.

Binti yako


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Matone nimeyapata, yanawasha kama maneno ya shangazi yako.

Nina jambo, na usiseme uzee. Kuna mtu anapiga magoti pembeni yangu. Si kila siku. Nikishafumba macho nasikia magoti yanalia, upande wangu wa kulia, hatua moja. Ya mama yako yalikuwa yakilia hivyohivyo, kama kuni kavu. Kisha pumzi. Kisha harufu ya kuungua kidogo, halafu haipo. Nikinyoosha mkono nashika hewa. Mara ya kwanza nilitoka mbio nikagonga meza. Siku hizi namngoja. Siogopi sana, naogopa kiasi.

Nilimuuliza fundi viatu, "Mke wangu amerudi?" Akanyamaza, na yule mtu hajawahi kunyamaza tangu tufahamiane. Mchungaji naye kasema nisihesabu magoti, niombe.

Sijui ni mama yako, sijui ni Bwana mwenyewe. Yeyote yule, nimeacha kumwomba macho. Namwomba uso wako tu. Jicho limebaki na tundu la kupitisha uzi.

Baba yako


30 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimekaa miezi miwili bila kukujibu. Barua yako niliikunja, nikaificha chini ya godoro, na bado ilikuwa ikiniita.

Jana zamu yangu ilikuwa chumba cha pasi. Mashine zilikuwa zinapata moto, sisi tunangoja. Nikajikuta chini. Nilitega sikio pembeni yangu, baba. Hakuna magoti ya mtu, hakuna pumzi. Nikasema hata hivyo, Yesu, ni mimi, binti wa yule mume wake. Nikalia mpaka msimamizi akaja kuuliza nimepoteza nini.

Nakuja tarehe kumi na mbili. Liambie jicho lisubiri.

Bwana asifiwe, baba.

Binti yako


6 Julai

Dada,

Salamu nyingi. Huu mwandiko ni wangu mimi, fundi viatu wa mlango wa pili. Mzee ni mzima ila hawezi tena kuandika. Jicho lilifunga tarehe mosi. Barua yako ilifika tarehe tatu. Nimemsomea mara mbili, ya tatu akaisema mwenyewe kwa kichwa. Anasema uje tu, uso ataushika kwa mikono.

Haya mengine yeye hayajui. Baba yako akiipunga pasi hafungi komeo la kifuniko chake, kwa sababu halioni. Makaa yanarukia mkeka, naye keshapiga magoti juu yake. Kwa hiyo nikisikia pasi inapungwa naingia bila viatu, napiga magoti, naokota kwa koleo, natoka. Magoti yanayolia ni yangu; nimekalia kigoda miaka thelathini. Nilitaka kumwambia. Siku niliyojiandaa ndiyo siku aliyoniuliza kama mkewe amerudi. Nilipoutazama ule uso nikakosa mdomo.

Mpaka leo anapiga pasi, shuka tu, maana hazina kola. Juzi nililala na homa. Nikasikia pasi inapungwa, nikajua leo tunaungua. Nilipojikokota kufika, alikuwa ameshamaliza kuomba, amekaa, anatabasamu. Akasema magoti yalilia kama kawaida. Makaa nikayakuta matatu, nje ya mkeka, yamejipanga mstari, yamezima. Labda yalijiviringisha. Makaa hujiviringisha.

Mimi si mtu wa kanisani, dada. Lakini jana niliokota kaa la mwisho, na sikuinuka.

Basi la kwanza linafika saa mbili asubuhi. Njoo na sabuni, imekwisha.

Fundi wa mlango wa pili